Simu humwita mmoja, redio humwita kila aliye karibu

Kusi ilikuwa imekolea siku niliyotoka Nungwi na boti ya fiba kwenda Mkoani, Pemba, na abiria sita. Ni safari ya maili 30 hivi za baharini. Tulipofika nusu ya njia mashine zote mbili zikakohoa, zikazima moja baada ya nyingine: petroli ilikuwa imeingia maji. Anayeujua mkondo wa Pemba anajua maana yake. Maji yale huelekea kaskazini mwaka mzima, na kusi ikiyasukuma, chombo kisicho na mashine hupelekwa yanakokwenda. Njia hiyo ndiyo ilimozama meli ya abiria Spice Islander usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011, na sisi wa Nungwi hatupiti pale bila kuwakumbuka waliokufa.

Nikatoa simu, hakuna mtandao. Hata ungekuwepo, ningempigia ndugu yangu aliye nchi kavu, naye angeanza kumtafuta mwenye boti. Redio ni kitu kingine: humfikia kila aliyefungua chaneli 16, ile ya kuitana baharini, karibu nawe, na huyo wa karibu ndiye atakayekuwahi.

Nilikuwa na redio ya mkononi ya wati 5. Nikabonyeza kitufe, nikaita, nikasema, nikasema tena, kidole kimeganda palepale. Kimya. Abiria mmoja, mzee aliyefanya kazi melini miaka mingi, akanigusa bega. "Mwanangu, achia kidole. Ukishikilia hivyo huwezi kuwasikia, na wao kwa wao hawasikilizani." Nikaachia. Sauti ya nahodha wa boti ya abiria ilikuwa tayari inajibu: "Boti inayoita, uko wapi? Ova."

Nikamwambia tuko kati ya Nungwi na Mkoani. "Wapi hasa?" Hapo simu ikafaa, maana GPS yake husoma satelaiti hata pasipo mtandao. Nikamsomea namba za latitudo na longitudo, tarakimu moja moja, naye akazirudia. Kabla ya adhuhuri walikuwa ubavuni mwetu.

Tangu siku hiyo kila kijana anayeingia kazini botini kwangu namfundisha kwanza kidole: bonyeza, hesabu moja kimoyomoyo, ndipo useme. Ukibonyeza na kusema papo hapo, neno la kwanza hukatika, na mara nyingi neno hilo ndilo jina la chombo chako. Ukimaliza sema "ova", achia, sikiliza.

La pili ni neno la kuita. Mayday, inayotamkwa meidei, limetokana na Kifaransa, "nisaidieni". Ni la hatari ya kufa: boti inazama, inaungua, mtu ametumbukia na hamumwoni. Sisi siku ile tulikuwa tunaelea, hakuna aliyeumia, kwa hiyo neno letu lilikuwa Pan-Pan, la dharura isiyofikia roho kutoka. Yote mawili huitwa mara tatu. Kisha jina la chombo mara tatu, mahali mlipo, kilichotokea, msaada mnaoutaka, idadi ya watu. Mahali patangulie habari nyingine, kwani redio ikizima katikati ya maneno angalau watajua pa kuwatafuta. Mpangilio huo nimeuandika kwa wino usiofutika kwenye kipande cha plastiki, nimekigandisha kando ya usukani. Moyo ukienda mbio kichwa hakikumbuki kitu. Jifunze pia kuusema kwa Kiingereza, maana meli kubwa zinazopita nje ya Pemba mabaharia wake ni wa mataifa mengine, na Kiswahili chetu hawakijui.

Chaneli 16 ni ya kuitana na ya hatari. Mkishapatana hamieni 72 au 77, mkazungumze habari za samaki na bei huko. Naumia ninaposikia watu wanapiga soga kwenye 16 usiku, kwa sababu huenda kuna mtu anaita chini ya sauti zao.

Watu huniuliza wanunue redio ya wati ngapi. Mimi nawauliza antena wataifunga wapi. Mawimbi ya VHF, yaani ya redio hizi za botini, huenda karibu sawasawa na jicho linavyoona, hivyo kimo ndicho kinachokupa umbali wa kusikika. Mtu aliyekaa botini na redio ya mkononi, antena yake iko mita 1.5 hivi juu ya maji. Wawili wa namna hiyo husikilizana kama maili 5. Meli yenye antena mita 25 juu inaweza kumsikia kutoka maili 13. Kama una redio ya mkononi tu, simama, inyooshe wima, ita wimbi linapokuinua. Yenye kufungwa, ya wati 25, iwekee antena juu kabisa, na viungo vya waya uvikague kila mwezi. Chumvi huingia polepole, shaba ikageuka kijani.

Na betri. Hili limewadanganya wengi. Redio inawaka, unawasikia wenzako vizuri, unaridhika. Kusikiliza hakufikishi ampea 1, lakini kusema kwa wati 25 hula ampea 5 hadi 6, na betri chovu ikidaiwa hivyo huanguka, redio ikazima mdomoni. Kwa hiyo usiipime kwa kusikiliza. Mimi asubuhi, kabla ya kung'oa nanga, namwita rafiki yangu kwenye 72 kwa nguvu zote za redio. Asiponijibu kwamba ananisikia vizuri, abiria wanasubiri ufukweni mpaka nijue kwa nini.