Shule ya alama 4 kati ya 10: jibu kwa dada na shemeji, Tanga

Dada, nawe shemeji, salaam nyingi.

Mmeuliza hivi: viza zimetoka, kijana ana miaka 12 na yuko darasa la sita hapo Makorora, na nyumba mliyotafutiwa Marekani iko mtaa ambao shule yake ya serikali imepewa alama 4 kati ya 10 kwenye tovuti ya nyumba za kupanga. Chini ya alama pana mchoro wa rangi za wanafunzi: Walatino wengi, weusi wengi, weupe na Waasia wachache. Shemeji anasema mjibane mkalipe pango kubwa penye alama 9. Wewe dada wauliza kama mtoto atapotea.

Hatapotea kwa sababu ya ile 4. Anaweza kupotea kwa mambo mengine ambayo tovuti haiyasemi, na hayo yako hata kwenye shule ya 9.

Shule ya kati huku ni darasa la 6 hadi la 8, watoto wa miaka 11 hadi 14. Mtoto hupangwa kwa umri, kwa hiyo kijana ataingia la 6 au la 7, kutegemea mwezi aliozaliwa. Ada hakuna, michango ya mlinzi na madawati hakuna, sare kwa kawaida hakuna. Anakwenda shule ya anuani yake. Sehemu kubwa ya fedha za shule hutoka jimboni na kwenye kodi za majengo za eneo lenyewe, serikali kuu huchangia kidogo, ndiyo maana pango na shule hufuatana. Msije mkashawishiwa kuandika anuani ya mtu msiyekaa kwake: ikigundulika mtoto hutolewa, na wako wazazi waliofikishwa mahakamani. Kama mtaanzia kwa ndugu, mwenye nyumba husaini hati kwamba mnakaa kwake. Mkiwa mmebanana kwa ndugu kwa kukosa uwezo wa kupanga, ipo sheria ya mwaka 1987 inayoilazimu shule kumpokea mtoto mara moja hata kama karatasi hazijatimia.

Sasa ile alama. Kwa sheria ya elimu ya 2015, kila jimbo linawapima watoto kusoma na hesabu kila mwaka kuanzia la 3 hadi la 8, na lazima litangaze matokeo kwa shule nzima na kwa kila kundi: rangi, kipato, ulemavu, wanaojifunza Kiingereza. Tovuti za nyumba hukamua yote hayo kuwa tarakimu moja. Humo ndimo watu wanamodanganyika.

Chukueni shule mbili za kubuni, kila moja wanafunzi 500. Ya kwanza iko mtaa wa aina ya Raskazone: wenye nafuu 400, wakafaulu 300, maskini 100, wakafaulu 30. Jumla 330, yaani asilimia 66. Ya pili iko mtaa wa aina ya Ngamiani: wenye nafuu 150, wakafaulu 120, maskini 350, wakafaulu 140. Jumla 260, asilimia 52. Tovuti itaisifu ya kwanza. Lakini tazameni safu kwa safu: wenye nafuu, 75 kwa 80, maskini, 30 kwa 40. Ya pili imeishinda ya kwanza kwenye kila kundi, ikaonekana dhaifu kwa sababu tu imepokea maskini wengi. Na ninyi mwaka wa kwanza, kwa mshahara wa kuanzia, mtahesabiwa kwenye safu ya maskini. Safu hiyo ndiyo inayowahusu.

Umaskini mara nyingi hupimwa kwa chakula cha mchana: familia yenye kipato kisichozidi asilimia 130 ya mstari wa umaskini hula bure, hadi asilimia 185 hulipa bei iliyopunguzwa. Ziko shule zinazolisha wote bure bila kuuliza. Mkiletewa fomu ya kipato ijazeni, msione haya, maana mara nyingi fungu la ziada la shule hutegemea hesabu hiyo.

Ule mchoro wa rangi nao una vituko vyake. Mdigo, Msambaa, Mbondei na Mzigua watatiwa kisanduku kimoja na Mmarekani mweusi ambaye ukoo wake uko huku tangu enzi za utumwa, na Msomali aliyekulia kambi ya Dadaab, na mtoto wa daktari wa Kinaijeria. Wastani wa kisanduku hicho haumtabirii kijana wenu lolote. (Shemeji wangu mwenye babu wa Hadhramaut atacheka: kwa miaka mingi Mwarabu amekuwa akihesabiwa mweupe, kisanduku chake kiliidhinishwa 2024 na fomu nyingi bado hazijabadilika.) Kundi likiwa na watoto wachache mno, namba yake hufichwa kwa nyota ili wasitambulike. Nyota si sifuri.

Badala ya tovuti ya nyumba, fungueni ripoti ya shule kwenye tovuti ya idara ya elimu ya jimbo. Tafuteni mambo matatu. Kwanza, ukuaji: mtoto aliyeanza mwaka na alama fulani amesogea kiasi gani akilinganishwa na wenzake walioanza palepale. Shule ya 4 yenye ukuaji mkubwa inafundisha; shule ya 9 yenye ukuaji mdogo imepokea watoto walioiva nyumbani. Pili, maendeleo ya wanaojifunza Kiingereza, ambayo huwa na safu yake. Tatu, utoro sugu, yaani watoto waliokosa asilimia 10 ya siku au zaidi. Mwaka una siku 180 hivi, kwa hiyo siku 18 zatosha, hata za ruhusa. Mkimleta mtoto Tanga mwezi mzima katikati ya muhula ameshaingia kwenye orodha hiyo, na baadhi ya wilaya za shule humfuta kabisa akipitisha siku nyingi mfululizo. Safari ifanyeni Juni hadi Agosti. Mkiona alama zimeshuka tangu 2019 msiilaumu shule peke yake: kwenye upimaji wa taifa, wastani wa hesabu wa darasa la 8 ulianguka kutoka 282 hadi 274 kati ya 2019 na 2022, baada ya korona.

Mchanganyiko wa watoto ni mzuri, lakini uangalieni ndani ya vyumba, si getini. Shule yaweza kuwa na mataifa thelathini kwenye korido, halafu ukifungua mlango wa hesabu za juu ukakuta weupe na Waasia watupu. Mikondo ya hesabu huanza kugawanywa mwisho wa la 5 au la 6. Anayesoma aljebra ya kwanza la 8, sekondari huenda jiometri, aljebra ya pili, matayarisho ya kalkulasi, na mwaka wa mwisho anafika kalkulasi yenyewe, hesabu za juu za sekondari. Asiyeisoma la 8 huianza la 9, na kalkulasi haifikii isipokuwa asome likizo au abebe masomo mawili ya hesabu mwaka mmoja. Kwa mtoto mnayemtarajia uhandisi au udaktari, huo mkondo una uzito kuliko tofauti ya 4 na 9.

Watoto wetu hapa huonewa bila mtu kukusudia. Kijana wa Makorora anagawanya sehemu kwa mkono vizuri kuliko wenzake wenye kalkuleta, lakini mtihani wa kupangwa umejaa mafumbo ya maneno, kwa Kiingereza, tena kwa inchi, futi na paundi. Inchi 12 ni futi, futi 3 ni yadi, aunsi 16 ni paundi: mfundisheni kabla ya kupanda ndege, na joto la Fahrenheit pia. Mwambieni tarehe huandikwa mwezi kwanza, 3/9 ni tarehe 9 Machi. Mkifika, andikeni barua pepe kwa mshauri wa wanafunzi, ombeni apimwe hesabu kwa tarakimu, na muulize ni lini mkondo hupangwa upya. Ya mdomo husahaulika; barua pepe hubaki.

Siku ya kuandikishwa mtapewa karatasi ndogo ya lugha ya nyumbani. Maswali huwa kama haya: mtoto alijifunza lugha gani kwanza, nyumbani mnaongea ipi, yeye mwenyewe huongea ipi zaidi. Wengine huandika Kiingereza wakidhani wanamkinga mtoto asidharauliwe. Wanamnyima. Bila Kiswahili kwenye karatasi ile hapimwi, asipopimwa hapewi mwalimu wa lugha, na anakaa darasa la historia akitikisa kichwa. Andikeni ukweli. Majimbo mengi hutumia kipimo cha WIDA, ngazi 1 hadi 6. California, Texas na New York wana vyao. Msaada huo ni haki: Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua 1974 kwamba kumketisha mtoto asiyeelewa lugha bila kumsaidia ni kumnyima elimu. Tena shule haina haki ya kumkataa mtoto kwa sababu ya hali yake ya uhamiaji. Hilo liliamuliwa 1982. Mkalimani wa kikao cha wazazi hutolewa bure, na mtoto asigeuzwe mkalimani wa habari zake mwenyewe. Mahali kama Louisville, Kentucky, ambako wakimbizi kutoka Kongo ni wengi, Kiswahili si kigeni tena ofisini.

Ila msaada wa lugha una mtego. Ukikaa ratibani saa ileile ya sayansi au somo la hiari, mtoto hukosa kitu kila siku. Ulizeni ratiba, na kila mwaka ulizeni ngazi imepanda kiasi gani. Anayeongea Kiingereza cha uwanjani vizuri huku kusoma na kuandika kumebaki ngazi ya 3, huyo ndiye anayesahauliwa.

Kinachowaangusha watoto wenye akili ni sifuri. Kwetu mtihani wa mwisho ndio mwamuzi. Huku kila kazi ina alama, na isiyokabidhiwa ni 0. Kazi tano: 90, 90, 90, 0, 0. Wastani 54, na hiyo kwa shule nyingi ni F, kufeli. Mtoto anaijua mada vizuri, tatizo kazi imebaki kwenye kompyuta ya shule bila kubonyeza kitufe cha kutuma. Ombeni nenosiri la mzazi wiki ya kwanza, na kila Ijumaa fungueni safu ya kazi zisizokabidhiwa. Walimu wengi hupokea kazi iliyochelewa kwa kukata alama, ila dirisha hufungwa robo ya mwaka wa shule ikiisha. Na msiulize “kawa wa ngapi darasani?” Shule ya kati kwa kawaida hapangwi wa ngapi, na fimbo majimbo mengi yameipiga marufuku.

Kuhusu dini, hijabu haina tatizo, nguruwe kwenye chakula semeni mapema, na mfungaji wa Ramadhani huombewa akae maktaba wakati wa mlo. New York City hufunga shule siku za Idi tangu 2015. Kwingi ni kuomba ruhusa.

Kabla ya kuondoka, chukueni cheti cha kuzaliwa cha RITA, ripoti zote za shule zenye mhuri, na kadi ya kliniki. Hata kadi ikiwa imejaa, sindano zitakuwepo. Chanjo yetu ya surua na rubela haina matumbwitumbwi, ya tetekuwanga haimo katika ratiba ya kawaida ya watoto kwetu, na la 7 hudaiwa ya kuongeza kinga ya pepopunda, dondakoo na kifaduro. Idara ya afya ya eneo huwachoma bure au kwa bei ndogo watoto wasio na bima. Wekeni nafasi Julai, kwa sababu Agosti foleni ni ndefu na shule zingine hazimwachi aanze bila karatasi hiyo.

Shemeji ametaja pia kumwacha amalize la saba kwanza. Sioni faida. Cheti hicho hakitamwongezea darasa, na kila mwaka akiwa bado shule ya kati ni mwaka wa kujifunza lugha ambao makosa yake hayamfuati. Kuanzia la 9 kila somo huhesabiwa kwa ajili ya kuhitimu na vyuo huliona. Mleteni mwaka huu, mkae penye ile 4 kama safu ya ukuaji ni nzuri, na hiyo tofauti ya pango mlipieni tuisheni ya kusoma na kuandika Kiingereza.