Msimu tuliofungwa mechi 28 (kwa wewe unayetaka kuhama timu)

Juzi dogo mmoja kanitumia meseji, eti bro timu ya chuo chetu inafungwa kila wiki, naona bora nihamie kwa majirani tu. Nilicheka peke yangu kwenye gari. Dogo, unajua unaongea na nani? Mi nashabikia Louisville, timu ya kikapu ya chuo kikuu cha huku Marekani. Msimu wa 2022/23 tulicheza mechi 32 tukashinda 4. Nne! Na hii ndo timu iliyobeba ubingwa wa vyuo Marekani 1980 na 1986, na lile la 2013 tulilolishangilia mpaka sauti zikakauka, halafu 2018 NCAA, wale wanaosimamia michezo ya vyuo, wakalifuta na bango la ubingwa likashushwa uwanjani.

Mechi tatu za kwanza msimu ule tulifungwa zote kwa pointi moja moja. 67-66, 73-72, 61-60. Ile ya kwanza na Bellarmine, chuo kidogo cha hapa hapa mjini, yaani ni kama Simba wafungwe na timu ya mtaani kwenu halafu kesho unakutana na kipa wao dukani ananunua mkate. Kazini nikawa natetea, jamani pointi moja tu hiyo, tunakuja. Tukaenda mashindano ya Maui, kule Hawaii, chuo cha Texas Tech wakatupiga 70-38. Ushindi wa kwanza tuliuona mechi ya 10, katikati ya Desemba. Mashabiki wetu tunaonyeshaga L kwa kidole gumba na cha shahada, na kwenye matokeo ya Wamarekani L ndo umefungwa, basi we fikiria utani niliokula.

Ila siku ile ya Maui ndo sipendi kuisema. Mwanangu alikuwa ndo anafundishwa hesabu za kutoa, akasimama mbele ya TV, akahesabu kwa vidole weee, akanigeukia kwa furaha, "baba, wametuzidi 32!" Nikamfokea. Nilimfokea vibaya, akaacha juisi yake mezani akaenda chumbani. Mama watoto hakusema neno, alichukua rimoti akazima.

Kwa hiyo dogo, ushauri wangu wa kwanza, kipigo kiishie uwanjani, usikiingize ndani kwako. Wa pili, usinunue jezi yenye jina la mchezaji. Tangu 2021 hawa vijana wanaruhusiwa kulipwa hela za matangazo, na siku hizi wanahama vyuo kama wapangaji, yangu mimi mwenye jina alishaondoka zamani na jezi tunafutia gari. Na usipeleke kipigo nyumbani, narudia.

Halafu nenda uwanjani timu ikiwa mbovu, hili watu hawalijui. Yum Center, uwanja wetu, inaingiza watu kama 22,000, siku za raha mtu wa kipato changu anakaa juu kabisa anaona wachezaji kama siafu. Msimu ule nilikaa chini, kwa bei ya chakula cha mchana, viatu navisikia vinavyolia sakafuni, namsikia beki anavyomwambia mwenzake skrini inakuja kushoto, yaani kuna mpinzani anakuja kumzibia njia. Kikapu nilikijulia pale, kwenye kufungwa, maana ukishajua matokeo tayari unabaki kuangalia miguu ya watu.

Wenzangu wengi walihamia kwa majirani, timu ya chuo kikuu cha Kentucky, si ipo mji wa Lexington tu hapo, mwendo wa saa moja na kitu. Sisi tukabaki, msimu uliofuata tukashinda 8 tukafungwa 24, na msimu huo ukiwa ndo unataka kuanza, Novemba 5, 2023, Yanga wakaipiga Simba yangu 5-1. Sijahama kokote. Mtu anayehama timu kwa sababu ya njaa ya misimu miwili, huyo hata ukiugua hatakuja kukuona. Machi 2024 kocha akaondolewa, akaja Pat Kelsey na karibu timu nzima mpya, tukashinda mechi 27, na wahamaji wote wakarudi na kofia nyekundu mpya kabisa zina lebo. Nawaangalia tu.

Basi tukaingia mashindano ya taifa Machi 2025, yakapigwa huko huko Lexington, na mechi ya kwanza tu Creighton wakatutoa, 89-75. Mwanangu kakua sasa. Hakusema kitu, aliniangalia usoni kwanza. Nikamwambia haya, toa.

"Kumi na nne, baba."

Nikampa juisi.