Barua kwa mwanangu: ile mizani ya bafuni

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Umeniuliza: "Mama, kila asubuhi nikishuka kwenye mizani siku imeshaharibika. Niitupe?" Nilitaka kukupigia, nikaona bora niandike, maana lipo jambo ambalo mdomoni linanikwama.

Nianze na hilo. Kwenye harusi ya binti wa shangazi yako nilikwambia mbele za watu, "Umenenepa wewe, mlangoni utapitaje?" Wakacheka, nawe ukacheka. Baadaye nikaiona sahani yako, pilau haijaguswa. Nisamehe, mwanangu. Sisi miaka ya tisini mtu akikonda tulinong'ona, kisha tukazika. "Umenenepa" likawa neno la heri, maana yake uko salama. Nyinyi mmekua, neno limekuwa mkuki, na sisi midomo hatukuibadilisha.

Sasa mizani. Unajua nimepima watoto kliniki miaka 28. Unamvisha mtoto kaptula ya kupimia, unamtundika kwenye ndoano, analia, anarusha miguu, mshale unaruka huku na huku. Hapo husomi. Unasubiri atulie. Hata akitulia, unaweka nukta kwenye kadi, na nukta moja haikuambii kitu. Unaangalia mstari wa miezi. Wewe, mwanangu, unasoma mshale ungali unaruka, tena unausoma kila siku na kujihukumu nao.

Lita moja ya maji ni kilo moja. Kunywa chupa kubwa, panda mizani: kilo imeongezeka, na hujanenepa hata chembe. Chipsi za jana zenye chumvi huzuia maji mwilini. Siku za kukaribia hedhi nazo hivyo hivyo. Na unaposema uliacha ugali siku nne ukapungua kilo mbili, kisha ukala zikarudi, ukajiona umeshindwa: wanga ambao mwili umeuweka akiba hukaa pamoja na maji. Akiba ikiisha maji hutoka, ukila hurudi. Hukushindwa kitu.

Ile hesabu ya BMI uliyopewa huko jimu, ya kulinganisha uzito na urefu, ilianzia kwa Adolphe Quetelet, Mbelgiji wa karne ya 19. Hakuwa daktari, alikuwa mtu wa hesabu na nyota, akitafuta wastani wa umma mzima. Kliniki tunaitumia kama mwanzo wa mazungumzo, lakini haitofautishi msuli na mafuta, wala haijui kwamba umechukua nyonga za bibi yako.

Kwa hiyo usiitupe, itoe bafuni. Mpe jirani akuwekee. Ukitaka kujipima, mara moja kwa mwezi inatosha, asubuhi, kabla ya chai. Vipimo ninavyotaka kuvisikia ni presha na sukari, kwa sababu kwenye ukoo wetu sukari ipo. Na uniambie unalalaje, na ngazi za ofisini unazipandaje.

Lakini kuna sentensi moja umeipitisha haraka, kwamba siku nyingine huli mpaka usiku, na juzi ulipata kizunguzungu kwenye daladala. Hiyo ndiyo iliyoninyima usingizi. Hilo si la mizani tena, wala si la kuonea haya. Nenda ukaonane na daktari wiki hii, mweleze yote kama ulivyonieleza mimi. Ukiona uzito kwenda peke yako, niambie, nipande basi la alfajiri twende wote.

Jambo la mwisho. Fundi anataka vipimo vyako vya sare ya harusi ya kaka yako. Nitumie vya leo, kifua, kiuno na nyonga, usinitumie vya mwezi unaotarajia kupungua. Nimemwambia aache akiba ya kitambaa kwenye mishono, kama anavyoniachia mimi.

Mama yako