Mtoto asiyechanjwa anawahusu vipi waliochanjwa? Jibu kwa hesabu ya surua

Swali lilikuwa hivi: kama chanjo inafanya kazi, mtoto wangu asiyechanjwa anamdhuru nani? Tuchukue surua, maana ndiyo isiyosamehe.

Mgonjwa mmoja, akiwa kati ya watu wasio na kinga, huambukiza 12 hadi 18. Anaanza kuambukiza siku 4 kabla ya vipele, akionekana ana mafua tu, na virusi hukaa hewani hadi saa 2 baada ya yeye kutoka chumbani. Kwa hiyo kumtenga vipele vikishatoka ni kuchelewa. Kinachomzuia ni kukutana na watu wenye kinga. Wa kuambukiza 15 anahitaji kukuta 14 kati yao wana kinga ili ampate mmoja tu. Wenye kinga wakizidi hapo, mlipuko unajifia wenyewe.

Sasa angalia tunapovujia. Dozi ya miezi 9 huwashika, yaani huwapa kinga, watoto kama 85 kati ya 100. Mkichanja 95 kwa dozi hiyo moja, wenye kinga ni 81 hivi, na 19 waliobaki wanatosha kulisha mlipuko. Dozi ya miezi 18 huwapata wale ambao ya kwanza haikuwashika, lakini wazazi wengi huaga kliniki baada ya miezi 9. Kagueni kadi leo. Aliyepitwa apelekwe, bado atachanjwa.

Wanaotegemea kinga ya wengine hawakukataa chochote: wachanga wasiofika miezi 9, wajawazito (chanjo hii ina virusi hai vilivyodhoofishwa), wagonjwa wa saratani walio kwenye matibabu. Na wastani wa waliochanjwa wilayani hauwasaidii kama mtaa wao ndio wenye pengo. Surua hufuata mtaa.

Pepopunda ni tofauti kabisa. Vijidudu vyake viko udongoni, havitoki kwa mtu, hivyo hakuna jirani wa kukukinga.

Kwa wahudumu: kichupa cha dozi 10 kikishachanganywa hutumika ndani ya saa 6 tu, ndiyo maana watoto wawili wakifika huambiwa warudi siku nyingine. Wengi hawarudi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) ni kukifungua hata kwa mtoto mmoja. Dozi 9 zikimwagwa, agizeni nyingine. Mlipuko mmoja wa surua ni ghali kuliko vichupa vingi.