Usiiamini Herufi ya Diski kwenye Seva

Kijana mmoja aliyeko Mwanza ameniandikia wiki hii. Umeme ulikatika, seva ya ofisini kwake ikazimika, na ilipowashwa tena diski iliyokuwa /dev/sdc ikawa /dev/sdb. Mfumo ukagoma kuwaka, ukaishia kwenye hali ya dharura. Anauliza kama kadi ya diski, ile inayoziunganisha diski na seva, imeungua. Hapana, ndugu yangu, kwa maelezo hayo kadi haina kosa, na umefanya vizuri kuuliza kabla hujaanza kuchomoa vitu.

Herufi zile Linux inazigawa kwa foleni. Diski iliyoitika kwanza ni sda, iliyofuata ni sdb, na herufi 26 zikiisha inaanza sdaa. Kerneli (kiini cha Linux) za siku hizi huziita diski nyingi kwa mpigo, kwa hiyo iliyochelewa leo inaweza kutangulia kesho. Chomeka flashi, au diski moja ife, foleni nzima inasogea. Faili lako la /etc/fstab, orodha ya diski ambazo mfumo unazifungua unapowaka, limeandikwa /dev/sdc1, na mfumo umeisubiri diski ambayo haipo tena kwa jina hilo. Ingia kwa nywila ya root, endesha blkid, chukua UUID ya sehemu ile ya diski, yaani namba ya kipekee iliyoandikwa ndani yake, iandike mahali pa herufi, kisha kwa diski za data ongeza neno nofail ili siku nyingine ikikosekana seva iwake hivyo hivyo.

Hilo limeisha. Ila kuna jambo kubwa zaidi ambalo nina uchungu nalo, na nataka ulisikie mapema wewe unayetaka kuwa fundi wa kuaminika.

Miaka ya nyuma nilikuwa natunza seva ya kampuni moja ya forodha Dar es Salaam. Kadi ilikuwa LSI 9211-8i, diski nane, zimeunganishwa zifanye kazi kama moja kwa mpangilio wa RAID 5, kwa programu ya Linux iitwayo mdadm. Nilipoifunga nilichomoa kila diski, nikasoma namba ya seriali kwenye lebo yake, nikaiandika kwenye stika na kuibandika mbele ya trei. Nikaandika pia WWN, ile namba ndefu inayowekwa kiwandani na kubaki na diski hadi mwisho wake. Za Seagate zilianza na 5000c500, za Western Digital 50014ee. Katika kazi hiyo nikagundua kitu ambacho karatasi za kasha hazikusema: kebo ya SFF-8087 hubeba njia nne, na pale zilikuwa zimefungwa kinyume, njia namba 0 ya kadi ikienda trei ya nne. Asiyejua hilo angehesabu trei kutoka kushoto na kujiona yuko sahihi.

Bosi wangu wa wakati ule alinikuta nabandika stika, akaniuliza mbele ya wenzangu kama nimeajiriwa kuwa fundi au karani wa stoo. Watu wakacheka. Nilinyamaza, nikamaliza kubandika.

Siku ikafika. Umeme ulikatika, jenereta ikachelewa, seva ikajiwasha upya, na usiku ule diski moja ikafa. Kumbukumbu za mfumo zikasema sdf. Mwenzangu akahesabu trei kwa kidole, a, b, c, d, e, f, akashika mpini wa trei ya sita. Nikamshika mkono. RAID 5 inavumilia diski moja tu kukosekana. Akichomoa nyingine iliyo hai, safu nzima inasimama na data zote za wateja ziko mashakani. Diski iliyokufa ilikuwa imeshatoweka kwenye orodha, kwa hiyo nikafungua /dev/disk/by-id, saraka inayozitaja diski kwa seriali zake, na kusoma zilizo hai: seriali saba, na mbele yangu stika nane. Iliyobaki bila mwenzake ilikuwa trei ya tatu. Tukaibadilisha, wafanyakazi wakaingia asubuhi na kufungua mafaili yao kama kawaida. Yule bosi hakusema neno, hadi ninaondoka pale. Najivunia usiku ule, na sitaona aibu kuusimulia.

Angalia sasa hatari ilipokuwa. mdadm haikuhitaji msaada wangu: inasoma UUID yake yenyewe ndani ya kila diski na kuzikusanya hata herufi zikiruka vipi. LVM na ZFS, mifumo mingine ya kupanga diski, ni vivyo hivyo. Kinachopotea ni mkono wa binadamu, yule anayeelekeza dd au wipefs, amri zinazoweza kufuta diski, kwa /dev/sdb kwa sababu jana ndiyo ilikuwa tupu. Kwa hiyo usiiamini herufi. Ukitaka kuifuata diski yenyewe popote itakapohamishwa, tumia by-id. Ukitaka kulifuata tundu, diski yoyote itakayokaa humo, tumia by-path. Wengi huchanganya hayo mawili. Mimi data naifunga kwenye by-id, na by-path naitumia kuchora ramani ya kasha. Kama zpool yako, yaani kundi la diski la ZFS, inaonyesha herufi, iondoe kwa zpool export na jina lake, kisha irudishe kwa zpool import -d /dev/disk/by-id na jina lilelile. Data haiguswi.

Halafu andika stika. Narudia, andika stika! Vijana mnapenda amri, hampendi kalamu, na usiku wa manane simu ikilia ni stika itakayokuambia ushike wapi. Siku ya kubadilisha diski, badilisha na stika kabla hujafunga mlango wa raki, maana stika ya zamani ni hatari kuliko kukosa kabisa. Na kabla ya kuvuta trei yoyote hakikisha kwa taa: kasha likiwa na taa za kutambulisha, tumia amri ya ledctl locate. Kama halina, soma kila diski iliyo hai kwa dd kwenda /dev/null, mahali ambapo kinachosomwa hutupwa tu, zote kwa pamoja, utazame taa za mbele. Ile isiyopepesa ndiyo unayoitafuta, na seriali yake lazima ilingane na stika. Visipolingana, toa mkono kwenye trei uanze upya.