Ukitaka msuli wa polima ucheze, usiujaze kaboni

Mwezi wa saba hapa Lubumbashi hewa hukauka mpaka midomo inapasuka, na ndio mwezi nilioaibika mbele ya profesa. Utando wangu wa polima (dutu ya molekuli ndefu kama minyororo, jamii ya plastiki), niliouunda uwe msuli, mwembamba kama ganda la kitunguu, mwezi wa pili ulikuwa ukijikunja na kujikunjua kila nikigusisha waya za betri. Siku ya memwari, yaani ya kutetea tasnifu yangu ya chuo, ukalala mezani kimya.

Polima zinazopitisha umeme si jambo jipya. Wanasayansi Heeger, MacDiarmid na Shirakawa walipata Nobeli ya kemia mwaka 2000 kwa ajili yake. Niliyotumia mimi ni PEDOT:PSS, maji ya buluu iliyokolea ambayo ukiyamwaga na kuyakausha yanaacha utando. Utando huo hunywa unyevu wa hewani. Ukipitisha umeme unapata joto, maji yanatoka, unasinyaa. Ukikata umeme unakunywa tena, unarefuka. Kwa hiyo kiangazi kiliniponza, lakini kosa kubwa lilikuwa langu: nilikuwa nimepandisha nanotyubu, ile mirija midogo mno ya kaboni, hadi asilimia 10 ya uzito ili msuli uwe imara.

Uimara ulipatikana, tena kupita kiasi. Utando mgumu unasukuma kwa nguvu lakini safari yake ni fupi. Halafu kaboni hainywi maji, kwa hiyo kila nafasi unayoipa unaipokonya polima inayofanya kazi. Anza chini ya asilimia 1. Nanotyubu ni nyuzi, zikigusana kidogo tu umeme umeshapata njia.

Muda wako umalizie kwenye kukoroga. Nanotyubu huja kama unga, na unga huu unapenda kushikamana, na mimi niliumwaga mkavu ndani ya polima. Utando ulitoka na vidoti vyeusi, na kila nilipoubandua ulipasukia palepale kwenye kidoti. Mama yangu angenicheka: nani anamwaga unga wa uji kwenye maji yanayochemka? Siku hizi nauloweka kwanza katika PEDOT:PSS kidogo niliyoiongezea maji, kisha naupeleka kwa muuza miwani wa mtaani kwetu, ana beseni la kuoshea vioo kwa mawimbi ya sauti. Nusu saa, nabadilisha maji ya beseni yakipata moto. Kwenye mashine kali zaidi usizidishe, nyuzi hukatika. Nauacha ulale usiku kucha, asubuhi namimina ya juu, masimbi nayaacha.

Rafiki yangu alishauri tusage makala ya mbabula (huku makala ni mkaa, mbabula ni jiko lake, msinicheke ndugu wa Dar). Tukasaga. Multimita, kile kipima umeme, haikusoma kitu: mkaa wa porini haukupata joto la kutosha kupitisha umeme, na hata ungepitisha, ni punje, si nyuzi, haushikilii ufa.

Jambo moja sifanyii mzaha. Unga ukimwagika usiufagie. Mimi niliufagia, ukapanda hewani. Mirija mirefu na migumu imeonyesha kwa panya wa maabara madhara yanayofanana na ya asbesto, zile nyuzi za madini zinazoharibu mapafu. Kitambaa kibichi, glavu, barakoa inayobana.

Jioni ya siku ile niliuweka utando mwingine, wenye kaboni kidogo, ndani ya ndoo ya plastiki pamoja na kikombe cha maji ya moto, nikafunika. Baada ya robo saa niligusisha betri, ukainua kichwa. Profesa alikuwa ameshashika njia ya Kolwezi.