Re: Kyle Hamilton kweli ni wa kiwango hicho, au ni jina tu?

Mkuu, umeuliza kama Hamilton ni mzuri kama anavyosifiwa: huyo sefti (beki wa nyuma kabisa) wa Baltimore Ravens, timu ya futiboli ya Kimarekani ligi ya NFL, ni mchezaji kweli, ila ukimpima kwa pasi za wapinzani alizonasa peke yake utamwonea.

Alichaguliwa wa 14 kwenye drafti ya 2022 (timu zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu) akitokea chuo cha Notre Dame. Wengi walimtilia shaka kwa sababu kwenye jaribio la mbio za yadi 40 alitumia sekunde 4.59, mwendo wa kawaida tu. Lakini ana kama sentimita 193, na kwa mikono ile risiva (mpokea pasi) anayedhani yuko huru mara nyingi hayuko.

Mwanzo ulikuwa mgumu. Wiki ya 2 ya 2022 Ravens waliingia robo ya nne wakiongoza 35-14, Miami wakashinda 42-38, mabeki wa nyuma wakiachiana watu hovyo. Mwaka 2023 kocha wa ulinzi, Mike Macdonald, akamtumia sana mbele, karibu na mstari ambapo mchezo huanzia. Dhidi ya Colts alimwangusha kwotabeki (mrusha pasi) mara 3. Dhidi ya Browns aliigonga pasi ya kwotabeki wao, Deshaun Watson, akaidaka mwenyewe, akaenda nayo hadi tachidauni, yaani akafunga. Akaingia kikosi cha kwanza cha All-Pro, yaani wachezaji bora wa msimu.

Mwaka 2024 pasi ndefu zilipozidi kupita, alirudishwa nyuma kabisa kuziba. Kazi ya huko haina mbwembwe: akikaa vizuri, kwotabeki harushi kabisa, na takwimu haiandiki kitu. Agosti 2025 Ravens walimwongezea mkataba wa miaka 4 kwa dola milioni 100.4.

Ukirudia mechi, angalia anaposimama kabla mpira haujaanza, kisha anakohamia.